Saa Ishirini na Saba Hadi São Paulo

Siku ile upepo wa juu ulikuwa unavuma kwenda mashariki kwa kasi ya kilomita mia tatu kwa saa, na Tak Hye-rim akauchukia kama mwanamke anavyomchukia shoga aliyemchongea.

Alikuwa amekaa mbele ya skrini zake nne, orofa ya tatu, karibu na uwanja wa ndege wa Gimpo, Seoul, ndani ya chumba ambacho ndege hazionekani wala hazisikiki. Kazi yake ilikuwa kupanga safari: ndege ipite wapi, ibebe mafuta kiasi gani, ifike saa ngapi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewapeleka watu pembe zote za dunia bila kuinuka kitini, na kiti kile kilishashika umbo lake kiasi kwamba hata akiwa likizo wenzake walikisalimia. Yeye mwenyewe safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kisiwa cha Jeju, saa moja na dakika kumi, na hata hiyo alikwenda ameng'ang'ania mkono wa padri asiyemjua mpaka vidole vya padri wa watu vikabadilika rangi.

Leo orodha ya kazi ilikuwa imempa ndege ya saa nane na nusu mchana, kutoka Incheon, nje ya Seoul, hadi Los Angeles. Abiria mia mbili themanini na saba. Mmoja wao, kiti cha arobaini na moja K, dirishani, alikuwa Gil Do-hyeon. Na Do-hyeon hakuwa anaishia Los Angeles. Akishuka pale angepanda nyingine mpaka São Paulo alikozaliwa, kwenye karakana ya baba yake ya kushona nguo, na safari hii hakukata tiketi ya kurudi.

"Nimpe mtu mwingine hiyo ndege?" Bwana Pyo, mkuu wa zamu, alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. Alikuwa mzee wa kazi ile. Vijana walidai alianza kupanga safari kabla ndege hazijaota mabawa.

"Hapana, bosi. Nitaipanga mwenyewe."

"Una hakika? Maana hasira na hesabu haviketi meza moja. Mimi mke wangu aliponiudhi, nikampangia safari ya kwenda kwao Gangneung kwa gari, nikamtilia mafuta ya kwenda tu."

"Akafanyaje?"

"Akakaa huko wiki tatu. Wiki tatu, dada Tak! Nilikula tambi mpaka nywele zangu zikaanza kujikunja."

Hye-rim alitamani kucheka. Mdomo ukakataa.

Kompyuta ilimletea njia mbili. Ya kaskazini ilizunguka, ikaukosa ule upepo. Ya kusini ilipanda mgongoni mwake na kufika kwa saa kumi na dakika ishirini. Tofauti yake ilikuwa dakika thelathini na nne. Aliikodolea macho ile ya kaskazini. Dakika thelathini na nne zaidi kwenye anga moja na yeye! Nani angejua?

Angejua yeye. Akachagua ya kusini, akatia saini. Baada ya muda rubani naye akatia yake, akapiga simu kushukuru. "Dada Tak, upepo huu umetuchagulia wewe mwenyewe? Tutafika kabla hatujaondoka!"

Alikuwa anatania, lakini ndivyo ilivyo. Ndege ile huondoka Seoul mchana na kutua kule asubuhi ya siku hiyohiyo. Do-hyeon angekuwa ameshafika saa moja na dakika hamsini asubuhi, kwa saa za kule, ilhali kwa saa hizohizo mchana wa kuagana ungekuwa bado haujafika. Hye-rim aliwaza kwamba kama pangekuwa na ndege ya kumrudisha mtu mpaka miaka mitatu nyuma, angeipanga bila kulipwa.

Simu yake ikatetema. Akatoka nayo hadi penye ngazi.

"Upepo ukoje?"

Ndivyo Do-hyeon alivyoanza simu zake zote, miaka yote mitatu, badala ya kusema haloo.

"Wa mgongoni," Hye-rim akajibu. "Saa kumi na dakika ishirini."

"Mara ya mwisho nilipokuja kwako ilikuwa saa kumi na tatu na nusu."

"Kuja huku upepo ni wa usoni."

"Kwa hiyo hata upepo umejiunga na mama yako."

Hye-rim akaegemea ukuta. Nyuma ya sauti yake alisikia tangazo la kupanda ndege, mtoto akilia, mikoba ya magurudumu ikipita.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula. Wewe?"

"Nitakula."

"Muongo. Hye-rim, niko mtu wa ishirini kwenye foleni. Niambie neno moja tu, nitoke."

"Do-hyeon..."

"Hilo ni jina langu, si neno."

"Unajua mama alivyo. Tangu arudi kwa mpiga ramli, hapati usingizi. Anasema nyota zetu ni za kutengana. Kwamba wewe ni maji yapitayo, na mwanamke atakayekushika atakula wali wake akitazama ukuta mpaka azeeke. Ni mjane, Do-hyeon. Miaka ishirini na miwili ameula huo wali. Nimwambieje?"

"Mwambie unanipenda."

"Anajua."

"Basi niambie mimi."

Akafumbua mdomo. Mlango wa ngazi ukafunguka, kijana wa idara ya hali ya hewa akapita na soksi za manjano, akaomba radhi, akashuka. Mpaka anapotea, lile neno lilikuwa limesharudi lilikotoka.

Do-hyeon akashusha pumzi. "Niko mtu wa kumi na mbili. Sikiliza. Nimevuka bahari mara tisa kuja kwako. Watu wa soko la Dongdaemun wanadhani nafuata vitambaa. Baba yangu naye alidhani nafuata vitambaa, mpaka alipoona nanunua kitani kilekile mara tatu. Wewe hujavuka hata mara moja."

"Unajua naogopa."

"Najua. Na mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa napanda tu."

Hye-rim alifumba macho. Hakuwa amewahi kuambiwa hilo.

"Laini hii inafungwa leo," Do-hyeon akaendelea. "Usinitafute. Nikisikia sauti yako nitarudi, na nimechoka kurudi. Ule mto wa kiti niliokushonea, ukichakaa ubadilishe foronya. Pamba yake bado nzima. Niko mtu wa tatu. Wa pili. Haya."

Akakata. Hye-rim alirudi kitini, akakalia mto wa kitani cha kijani, akaitazama alama ndogo ya ndege ikiondoka Incheon saa nane na dakika thelathini na saba. Kwenye skrini ndege haina dirisha. Ni namba tu, na mshale.

*

Saa kumi jioni walimwita mapokezi. Mama yake, Bi Bae Mal-sun, alikuwa amekaa kwenye kochi na furushi la kitambaa cha waridi magotini, amenyooka kama anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti.

"Kaondoka?"

"Ameondoka, mama."

"Haya. Kula." Akafungua furushi. Mchicha wa ufuta, figili, dagaa waliokaangwa kwa asali, wali bado una mvuke. Alikuwa amekuja navyo kwa treni mbili kutoka nyumbani kwao Suyu. "Usinitazame hivyo. Mtu analia vizuri zaidi akiwa ameshiba."

"Silii."

"Utalia. Mimi mama yako." Akapapasa mfuko wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Na hii uichane. Yule mpiga ramli, bibi wa Miari, kasema karatasi ya nyota mbaya isilale nyumbani kwangu. Aliyeiandika ndiye aichane."

Hye-rim akaikunjua. Mwandiko ulikuwa wake. Wiki mbili zilizopita mama alikuwa amemwomba siku na saa aliyozaliwa Do-hyeon apeleke Miari, naye akampigia mwenyewe kumuuliza, akaandika. *Gil Do-hyeon, mwanamume, 7 Mei, saa saba na dakika arobaini usiku.* Akaishika pembe mbili. Kidole kikaanza kuvuta.

Kikasimama.

"Mama. Supu ya mwani nilimpikia lini mwaka jana? Ya siku yake ya kuzaliwa."

"Nitajuaje? Ulinimalizia mwani wangu wa Wando, hilo nalikumbuka. Ilikuwa baada tu ya sikukuu ya watoto. Siku ya pili yake."

"Tarehe sita."

"Basi sita."

"Hapa nimeandika saba."

"Umeandika wewe, unaniuliza mimi?"

Hye-rim akaisoma tena ile tarehe. Aliikumbuka ile simu. Alikuwa kazini, kwenye kiti chake, ndege sita mkononi. Na kazini hakuna saa ya Seoul wala ya São Paulo. Ndege zote duniani huandikiwa saa moja tu, ya Greenwich, ili rubani na mpangaji wasije wakapishana. Kila saa iliyoingia sikioni mwake aliigeuza bila kujua kama inavyogeuka shilingi hewani. Do-hyeon alimwambia amezaliwa tarehe sita, saa nne na dakika arobaini usiku, São Paulo. Sikio likasikia hivyo. Mkono ukaongeza saa tatu, ukavuka usiku wa manane, ukaandika siku nyingine.

"Mama, nimekosea. Hii si saa yake."

"Ni saa ya nani?"

"Ya Greenwich."

"Huyo Greenwich ndiye nani?"

"Ni mahali, mama. Uingereza."

"Kijana kazaliwa Uingereza? Si ulisema Brazili?"

"Kazaliwa Brazili. Hii ni saa ya ndege."

Bi Mal-sun akaweka vijiti chini. "Yaani mimi nimepanda basi mpaka Miari, goti hili linavyoniuma, nikavua viatu, nikampigia magoti yule bibi kizee, nikampa nyota za *ndege*?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo maana kasema ni mtu wa kupita tu!"

Mlinzi wa mapokezi aligeuka, akajifanya anasoma tangazo la zimamoto. Mama alikuwa ameshatoa simu, akaiweka sauti ya juu kama kawaida yake, maana aliamini simu isiyosikika na watu wote haijafika.

"Bibi! Mimi mama Tak wa Suyu! Ile saa ilikuwa mbovu. Andika: tarehe sita, saa nne na dakika arobaini usiku. Ndiyo, hukohuko kwao."

Zikasikika kurasa zikipinduliwa, kikohozi, kurasa tena.

"He!" Sauti ya bibi ikajaza ukumbi. "Na huyu mlimficha wapi? Huyu ni mti, na binti yako ni udongo! Mwozeshe huyu. Yule wa kwanza mpeni nauli aende zake."

Hye-rim alimtazama mama yake, akingojea uso ule ufunguke. Haukufunguka. Bi Mal-sun alikata simu polepole, akaufunika wali, kisha dagaa, kisha mchicha, kila kifuniko akikibana pembe zote nne.

"Mama? Umesikia?"

"Nimesikia. Mlinzi naye kasikia." Akalainisha kitambaa cha waridi kwa kiganja. "Nilifurahi, unajua. Bibi aliposema nyota mbaya. Nilitoka pale nimenuna kwa heshima tu, lakini moyoni nilifurahi. Nikanunua hata mandazi ya maharage njiani. Nilisema, afadhali, hata mbingu hazitaki mwanangu aniache." Akalifunga fundo la furushi. "Ni mbali kiasi gani huko?"

"Kilomita elfu kumi na nane na mia tatu."

"Niambie kitu ninachokijua."

"Ni kama Seoul na Busan mara hamsini na sita."

"Na saa?"

"Ishirini na saba, na kusubiri ndani yake."

Bi Mal-sun akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nilitoka Haenam kuja kuolewa hapa kwa saa kumi na mbili. Kwa basi, kisha treni. Mama yangu alilia mpaka ng'ombe wakakataa kula. Nikamwambia, mama, ni saa kumi na mbili tu. Akaniambia, ni kumi na mbili kwako wewe unayeketi kwenye treni." Akainuka, akashika goti. "Usiichane hiyo karatasi. Isahihishe. Na ule, vyombo nitavifuata."

*

"Ujumbe wa mapenzi hauendi kwa rubani," Bwana Pyo alisema kabla Hye-rim hajafungua mdomo. Habari za mapokezi zilikuwa zimepanda ngazi haraka kuliko yeye. "Ule mtambo ni wa upepo, mafuta na dharura."

"Najua, bosi. Sijaomba hilo."

"Ila watu wetu wa Los Angeles wanaweza kumpa abiria karatasi akishuka. Hilo linaruhusiwa. Maneno yasizidi kumi. Juzi mtu kamwandikia mkewe mistari arobaini, wakampa abiria mwingine kwa makosa, sasa hivi aliyeandika na aliyesoma wanataka kuoana."

Hye-rim akaketi. Alama ya ndege ilikuwa juu ya Pasifiki, mashariki ya Japani, inakimbia kuliko alivyoipangia. Akaandika *Rudi*. Alilitazama neno lile. Alikuwa amelisema mara tisa, kila mara akiwa amekaa hapahapa, juu ya pamba aliyojaziwa na mtu mwingine. Nyota zilikosewa kwa saa tatu. Hilo lilisahihishika kwa simu moja. Lakini nani alimkataza kupanda ndege?

Akalifuta. Akaandika upya, akihesabu kwa vidole:

*Saa uliyozaliwa niliikosea mimi. Usirudi. Nakuja mimi. Nisubiri.*

"Manane," akasema.

"Umebakiwa na mawili," Bwana Pyo akasema, akiangalia dari.

Hye-rim akaongeza: *Nakupenda, Do-hyeon.* Akabonyeza kabla mkono haujaota hofu. Kisha akaomba likizo, na kiti cha mfanyakazi kwenye ndege ya kesho, kama kitabaki.

"Wewe?" Bwana Pyo akamkazia macho. "Wewe wa padri?"

"Mimi."

*

Alirudi ofisini saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Hakuwa amelala. Nyumbani meza ndogo ya chakula ilikuwa imesogezwa. Tangu baba afariki ilikuwa imesukumwa ukutani, maana chumba ni kidogo na walaji wawili hawahitaji pande nne. Alfajiri alimkuta mama ameivuta mpaka dirishani, amekaa na bakuli lake, anatazama paa la jirani.

"Nimeigeuza tu," mama alisema bila kugeuka. "Kabichi ya kimchi nimeifunga mifuko saba. Harufu isije ikawalevya marubani. Nenda, kabla sijapata mawazo mengine."

Hye-rim alitaka kumkumbatia. Mama akanyanyua bakuli juu, kana kwamba supu ndiyo inayotaka kulindwa, akamwachia bega moja. Akalikumbatia hilo.

Sasa alisimama mezani kwake na begi begani. Chumba kilikuwa na harufu ya kahawa iliyolala. Dakika chache tu zilibaki ndege ya pili ya Do-hyeon iondoke Los Angeles, na kwenye kibodi mtu wa zamu ya usiku alikuwa amemwachia jibu. Alilisoma akiwa wima.

*Karatasi imekabidhiwa abiria wa 41K. Amesoma. Ameketi sakafuni mlangoni, tumelazimika kuwapitisha watu pembeni. Tumemuuliza kama ni mgonjwa, amesema hapana. Anaendelea na safari ya São Paulo. Anauliza: upepo wa kesho ukoje?*

Kesho ya kule ilikuwa leo ya huku. Hye-rim akawasha skrini, akaitafuta ramani. Upepo ulikuwa umepoa usiku. Saa kumi na dakika hamsini na moja, kisha kusubiri, kisha saa kumi na mbili nyingine juu ya nchi asizozijua hata kwa jina, peke yake, dirisha jeusi ubavuni, hakuna mkono wa padri. Akaandika jibu lifikishwe kwake kabla mlango wa ndege haujafungwa: *Umepungua. Nitachelewa dakika thelathini na moja.*

Akaufungua kamba ule mto wa kijani, akauvuta kutoka kitini, akausukumiza ndani ya begi juu ya kimchi. Kiti kilibaki na shimo lake katikati.

Bwana Pyo aliingia akipangusa miwani. Akaliona begi, akaliona shimo.

"Ya saa nane na nusu anaipanga nani?"

"Wewe, bosi. Mimi ni abiria."

Akavuta kiti chake, akakaa, akaanza kuandika.

"Basi wewe," akasema mwishowe, na safari hii hakuwa anacheka, "nakutilia mafuta ya kwenda tu."